Laibrari Iliyokuwa Duka la Dawa za Ng'ombe

Alikozaliwa hasa sijui, na hata ningejua nisingewachosha nako. Mimi ni kinyozi. Mtu huketi kwenye kiti changu, namfunga shuka shingoni, na kabla upande mmoja wa kichwa haujaisha nishajua nani ameoa, nani ameuza ng'ombe na nani amerudia pombe. Huyu mama tulitengana kwa ukuta mmoja miaka mingi, na habari za kwao hazikumtoka kinywani ila mara moja. Sisi sokoni tulimwita Madam wa Laibrari. Yeye alitaka aitwe Mkutubi, na kwa kuwa hakuna aliyempa jina hilo akiwa nasi, nitampa mimi hapa.

Soko letu liko njia ya kutoka Mogogosiek kwenda Boito. Ni safu moja ya maduka, bucha upande huu, kinu cha kusaga mahindi upande ule, na chai pande zote mpaka macho yanachoka. Chumba cha Mkutubi kilikuwa agroveti. Mwenye agroveti alihamia mjini akaacha harufu ya dawa ya kupe kwenye kuta, na harufu ile haikutoka ng'o. Ulifungua kitabu cha hadithi, msichana anaposwa, wewe unasikia ng'ombe anaogeshwa. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo jamani. Mtu mnene akigeuka, rafu zinatikisika. Kati yake na kinyozi yangu, yaani chumba changu cha kunyolea, palikuwa na mbao nyembamba tu, hata kikohozi chake nilikijua, cha asubuhi na cha hasira.

Wenye mradi waliomleta walimwambia mambo wazi tangu mwanzo. Tunajaribu, walisema. Laibrari kubwa iko mjini na watu wa huku hawafiki, basi tunaweka ndogo dukani, katikati ya watu. Tukija kuangalia tukikuta watu wanasoma, inabaki. Tukikuta hakuna, tunabeba vitabu vyetu. Yeye alikuwa ameacha kazi yake nzuri ya mjini, ya mezani na ya pensheni, akaja kwenye matope yetu kwa neno hilo la "tunajaribu." Nataka mlijue hilo sasa hivi, maana kila kitu alichofanya yule mama, cha akili na cha wazimu, kilitokana na hofu ya siku ile ya kuangaliwa. Akifungua mlango asubuhi alikuwa akisema kwa sauti, peke yake, "Bado tupo." Nikimsikia nilikuwa najibu kutoka kwangu, "Tupo, Madam," na yeye ananiambia niache kusikiliza mambo ya watu.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kung'oa zile nyavu za chuma juu ya kaunta. Duka lolote la huku lina nyavu, mwenye duka ndani, mnunuzi nje, na kitundu cha kupitisha sukari. Alimleta mtu wa kuchomelea, cheche zikaruka mchana kutwa, mwenye nyumba akaja mbio ameshika kichwa. "Mama, unaniharibia duka!" Mkutubi akamwambia, "Mtu hawezi kuomba kitabu kupitia kwa shimo kama anaomba sigara." Kaunta nayo akaisukuma mpaka barazani, akaikata miguu, ikawa benchi. Rafu akazipanga kwa ukuta mpaka juu, katikati akaweka meza ya agroveti aliyoisugua kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu. Siku alipomaliza alisimama barabarani na mikono kiunoni akaangalia. Nilimwambia imependeza. Alisema, "Bado, wewe. Ngoja waingie."

Hawakuingia! Hapa ndipo nilipoanza kumhurumia. Nyavu zimeondoka, kaunta haipo, mlango wazi, lakini watu wanakuja wanasimama palepale kaunta ilipokuwa. Mguu hauvuki.

"Nipatie kitabu," mtu anasema.

"Gani?"

"Chochote, bora kizuri."

"Ingia uchague."

"Hapana, Madam. Niko sawa hapa."

Mimi ni mtoto wa walowezi wa kutoka Nyandarua, nimezaliwa hapa lakini Kipsigis changu ni cha kununulia maziwa tu, kwa hiyo naona vitu vingine ambavyo wenyewe hawavioni. Watu wa huku wana adabu ya kuua mtu. Hawaingii nyuma ya kaunta ya mwenzao, hawakai kabla ya mgeni kukaa, hawasemi wanajua hata kama wanajua. Mkutubi alikuwa mmoja wao, Mkipsigis wa upande wa Sotik, tena aliyajua hayo kuliko mimi, lakini alipigana nayo kila siku kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Alikuwa anawashika mikono. Kogo mmoja, yaani nyanya wa makamo ya mama yangu, alivutwa ndani akiwa na kikapu cha chai mgongoni, kikapu kikakwama mlangoni, wakabaki wanavutana huku kogo anacheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo kogo akawa anaingia mwenyewe. Hakujua kusoma sana, alipenda kitabu cha picha za wanyama wa baharini. Alikuwa anamtazama pweza kwa muda mrefu sana halafu anatikisa kichwa.

Msidhani alikuwa mtu mpole. Laibrari zinajulikana kwa ukimya, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote sokoni, sauti ya kukwaruza kama ya mtu aliyekesha kwa maombi. Kelele zake zilikuwa sawa. Zangu hazikuwa. Nikiwasha redio alikuwa anagonga mbao kwa fimbo ya kufagilia buibui.

"Wewe Kinyozi! Zima hiyo kitu!"

"Ni taarifa ya habari, Madam!"

"Taarifa gani inaimba?"

Nazima. Baadaye napita barazani namkuta anawasomea watoto hadithi ya fisi, analia kifisi mpaka mwenye bucha anatoka na kisu kuangalia. Ukimwambia habari hiyo anakununia mpaka kesho yake. Walimu aliwachukia, alisema wanachukua vitabu na hawarudishi. Mwalimu akiingia alimfuata nyuma rafu kwa rafu kama askari wa supamaketi. Lakini mlevi akiomba kitabu alimpa bila swali, na kweli, walevi walikuwa wanarudisha.

Chai pia hakunywa. Huku! Mtu wa kwetu ambaye hanywi chai ni kama padri asiyesali. Alikunywa maji moto, hivyo hivyo, bila hata majani ya ndimu. Nilipomuuliza alisema aliichuma akiwa mtoto, wakati wenzake wako darasani, na harufu yake mpaka leo inamrudisha kwenye baridi ile ya asubuhi. Alilisema hilo akaondoka haraka, na ndiyo mara ya pekee aliyougusa utoto wake mbele yangu.

Labda kwa sababu hiyo aliwaelewa wachumaji. Wenye mradi walimpa saa za ofisi, afungue asubuhi afunge jioni. Asubuhi hapa hakuna mtu. Watu wote wako kwenye chai, soko ni kuku na mimi. Wachumaji wanatoka mchana wakishapima majani, wamechoka, wamelowa, vidole vyeusi. Wasiojua wanafikiri chai inachafua kijani. Utomvu wake ukikauka kidoleni unakuwa mweusi, na haukubali sabuni. Kwa hiyo alifungua asubuhi kwa ajili ya wakubwa, na jioni akakataa kufunga kwa ajili ya watu. Aliweka beseni na sabuni mlangoni, lakini mwisho aliacha kusumbuana. Vitabu vikawa na alama za vidole pembeni mwa kurasa, nyeusi, na kile kilichopendwa zaidi ndicho kilichochafuka zaidi. Ukikunja sikio la ukurasa alikuwa tayari kukupiga. Alama za chai alizipapasa tu kwa kidole gumba na kukirudisha kitabu mahali pake.

Tena alikuwa na ujanja wake. Lori la kiwanda likichelewa, na huchelewa kila mara, wachumaji hukaa kwenye kituo cha kupimia majani wakingoja, mchana kutwa wakati mwingine. Mkutubi alikuwa anakwenda huko na mfuko wa vitabu, anakaa juu ya gunia, anasoma kwa ile sauti yake. Akifika pale mume amerudi amekuta mlango umefungwa kwa ndani, anafunga kitabu pap! "Mengine yako dukani." Wanawake wanapiga kelele, "Ai, Madam, usitufanyie hivyo!" Anaondoka hageuki. Jioni hiyo laibrari inajaa mpaka wengine wanasomea kwangu, kwenye foleni ya kunyolewa, bila kunyolewa.

Basi katika hao wanawake ndipo alipotoka Mama Kiprono.

Mama Kiprono aliachia shule njiani akaolewa, akazaa, mume akaenda zake, akabaki na chai ya kuchuma kwa watu. Alianza kwa hadithi kama wengine. Siku moja akamuuliza Mkutubi kama ni kweli mtu mzima anaweza kufanya mtihani wa sekondari bila kwenda shule. Mkutubi alipanda juu ya ngazi, akateremsha vitabu vya kidato cha kwanza, vya hesabu, vya bayolojia, akavirundika mezani akasema, "Kaa." Tangu siku hiyo kona ya mbele ilikuwa ya Mama Kiprono. Wote tuliijua, hata mlevi hakukaa hapo. Nikimnyoa mwanawe, mama yake alikuwa anatueleza kazi ya figo. Sijawahi kuifikiria figo maishani mwangu ila kwenye sahani, lakini alivyoieleza nilijisikia mwenye bahati kuwa nazo. Mkutubi alikuwa anamsikiliza kutoka upande wa pili wa mbao, nilikuwa namwona kwa ufa, amefumba macho anatabasamu.

Hakuwa na njia nyingine yule mama. Vitabu vyenyewe hangeweza kuvinunua, mjini hangeweza kwenda kila siku. Chumba kile kilikuwa ndiyo shule yake yote. Mkutubi alilijua hilo, na hofu yake ikazidi. Zamani alikuwa anaiogopea kazi yake. Sasa alikuwa anamwogopea mtu.

Wakubwa walianza kumpigia simu. Walitaka picha. Walitaka kujua mbona asubuhi hakuna mtu. Mashine za kuchumia ziliingia mashambani makubwa, vijana wakahama, mvua ikaharibu barabara, na kila mtu aliyeondoka Mkutubi alimwona ni msomaji aliyepungua. Alianza kukonda. Alikuwa anasimama barabarani asubuhi anawaita wapita njia, "Ingia tu, ukae, hata usiposoma!" Aliwaita mpaka wauza nyanya. Siku moja nilimsikia analia, kilio cha kujizuia, cha mtu aliyeweka kitambaa mdomoni. Niliwasha redio ili asijue nimesikia. Hakugonga ukuta. Nikazima mwenyewe, nikakaa kwenye kiti changu nikakosa la kufanya.

Halafu siku ikapangwa. Wakubwa wanakuja, waone, waamue. Mkutubi alizunguka soko zima na kituo cha kupimia. "Siku hiyo njooni wote," alisema. "Wote! Msiniache." Wakaitikia wote, na walimaanisha. Nawaapia, sijaona soko letu likimpenda mtu vile.

Asubuhi ya siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Wageni wakapiga simu kutoka lami, wanaogopa matope, hawaijui njia ya juu. Mkutubi akavaa gumbuti, akampa Mama Kiprono ufunguo, akateremka kuwapokea.

Mama Kiprono akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa huku hufanya akiambiwa wageni wakubwa wako njiani. Alifungua laibrari akaiona kwa macho ya mgeni. Akaona aibu. Alituma watu kanisani waje na viti vya plastiki. Benchi la barazani likaingizwa ndani, likawa la kuwekea chupa za chai, chapati, mahindi ya kuchemsha na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Watoto walifukuzwa wakaoge. Wanawake walileta vitabu vyote vilivyokuwa majumbani, wakavipangusa. Vile vyenye alama za vidole waliviona ni aibu tupu, wakavitia kwenye gunia wakaniletea mimi. "Baba Ciku, tuwekee hii hapa nyuma, wageni wasione uchafu." Cha juu kabisa kilikuwa kile cha bayolojia. Halafu Mama Kiprono akatoa vitambaa vyake, vile vya kufuma kwa mkono, vyeupe vyenye maua ya manjano, ambavyo alivifuma akiwa mchumba na hakuwahi kuvitumia. Akafunika rafu zote kuanzia juu mpaka chini. Kwetu huku kitu kizuri hufunikwa.

Kiti cha kumfaa mgeni wa heshima hakikupatikana. Wakaja wanaume, wakang'oa kiti changu cha kunyolea, kile cha kuzunguka, wakakibeba kama jeneza mpaka ndani ya laibrari. Mimi mwenyewe nilishika mguu mmoja. Kilipokaa, chumba kilijaa. Wageni, viti, chakula, basi. Kwa hiyo wenyeji walitoka nje, wote, wakajipanga barazani mpaka kwa bucha, wamevaa nguo za kanisani, wamekunja mikono, wanangoja.

Gari likafika. Akashuka bwana mmoja mwenye tai, mtu wa adabu tu, simsingizii, na msichana wa kupiga picha. Mkutubi akashuka nyuma, matope mpaka magotini, uso umejaa matumaini. Alipoona umati alicheka. Alipofika mlangoni akaacha.

Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona vile alivyoangalia. Vitambaa. Viti. Kiti changu katikati, kimepakwa mafuta. Hakuna kitabu hata kimoja kinachoonekana, na ndani hakuna mtu ila Mama Kiprono na chupa ya chai.

"Karibuni, karibuni sana," Mama Kiprono akasema, akapiga magoti kidogo.

Yule bwana akaketi kwenye kiti cha kinyozi, kikazunguka kidogo, akajishika. Akatazama huku na huku. "Madam," akasema polepole, "hapa ni sebule."

"Hapana, bwana. Ni hii siku tu. Wamewaandalia."

"Wasomaji wako wapi?"

"Wako nje. Hao wote ni wasomaji wangu."

Yule bwana akachungulia mlangoni. Wote wakatabasamu, wakainamisha vichwa. "Gari letu likisimama popote, watu hujaa," akasema. "Wanangoja chakula, Madam. Si vibaya." Akamuuliza kogo aliyekuwa mbele, "Nyanya, wewe unasoma hapa?"

Kogo wa pweza! Nikasema moyoni, sema, kogo, sema. Kogo akaficha mdomo kwa mkono. "Aa, bwana, sisi ni watu wa chai tu. Kusoma ni yenu." Na wenzake wakacheka, kicheko cha heshima, cha kumpisha mgeni.

Yule bwana akainua pembe ya kitambaa, akatoa kitabu. Kilikuwa kipya, kile kisichosomwa na mtu, kurasa zake bado zimeshikana. Akakionyesha kwa msichana, msichana akapiga picha.

Hapo Mkutubi akanyoosha mkono akashika kitambaa cha rafu ya katikati. Akakikunja kiganjani. Niliona mishipa ya mkono wake. Angekivuta tu, kingeanguka na vingine vyote, angepiga kelele kwa ile sauti yake, angesema mmefanya nini, nyinyi watu, ingieni ndani, Kinyozi leta lile gunia! Nilikuwa tayari kukimbia. Lakini Mama Kiprono alikuwa amesimama mbele yake na sinia, anamtazama kama mtoto aliyefagia nyumba yote anasubiri mama aseme neno. Nje kulikuwa na soko zima.

Mkutubi akakiachia. Akakilainisha kwa kiganja mpaka kikanyooka. "Asanteni," akasema. "Mmetupokea vizuri."

Wageni walikula, wakashiba, wakasifu mursik, wakaondoka. Watu walishangilia gari mpaka likapotea. Mama Kiprono alikumbatiwa na kila mwanamke.

Simu ilikuja baada ya siku chache. Niliisikia yote kwa upande wake. "Vipi hakuna wasomaji? ... Bwana, walikuwa wamewaheshimu. ... Hapana, sikilizeni. Kuna mama anafanya mtihani. ... Nipeni mpaka afanye mtihani tu. ... Tafadhali. ... Tafadhali, bwana, nakuomba kama mtoto wako." Nilikuwa na mtu kwenye kiti, mashine inanguruma hewani, simnyoi. Baadaye Mkutubi akaja kwangu, akaegemea mlango. "Waambie mradi umeisha," akasema. "Miradi huisha, watu wamezoea. Na wewe ukisema neno kuhusu vitambaa, Kinyozi, mimi na wewe basi."

Pikapu ilikuja ikabeba rafu na vitabu. Nilimsihi aniachie lile gunia, vile vichafu nani atavitaka? Alikataa. Ni mali ya laibrari, alisema, na akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Ndivyo alivyokuwa, mkaidi hata pale ukaidi haumsaidii mtu. Mama Kiprono aliaga akilia, akampa kuku. Chumba sasa kinauza pombe.

Nilimwona tena mwaka huu, Chepilat, siku ya soko. Nilikwenda kununua kioo. Nikasikia sauti ile ya kukwaruza inambishia mtu bei ya maparachichi, nikageuka, ndiye. Mjini walikuwa wamempa mtu mwingine nafasi yake, akarudi kwao. Alikuwa ameketi juu ya kreti, amezeeka, miwani imefungwa kwa waya. Tulisalimiana sana. Alinipa parachichi, akanikataza kulipa. Aliuliza habari za bucha, za kogo, za redio yangu. Kisha akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu mwanzo.

"Mama Kiprono anasoma?"

"Hapana, Madam. Yuko kwenye chai."

"Mtihani?"

"Hakufanya. Alijaribu kuazima vitabu shuleni, wakamcheka. Akaacha."

Alipanga maparachichi yake, akayapanga tena. Nikaona nimemuumiza, nikajitia kumfariji. Nikasema, "Lakini siku ile ulimpa heshima yake, Madam. Mtu mwingine angemwaibisha mbele ya watu."

"Heshima!" Watu wakageuka kutuangalia. "Heshima imemfanyia nini? Ningevuta, Kinyozi. Ningevuta vile vitambaa vyote, ningempigia kelele mbele ya kila mtu mpaka alie. Angenichukia. Angenichukia mwezi mzima, mwaka mzima, wacha anichukie! Halafu angeingia, angekaa kwenye kona yake na kitabu chake." Akakunja kiganja kana kwamba kitambaa bado kimo. "Nilikuwa nimeshakishika. Kilikuwa mkononi. Nilikosa nini, mimi?"

Nilikaa naye mpaka mvua ikaanza, nikamsaidia kufunika kreti, nikaondoka. Aliniita nikiwa mbali, nikarudi. "Mwambie..." akasema. "Basi, nenda. Hakuna."

Kesho yake nilikuwa nafungua kinyozi, Mama Kiprono akapita na kikapu mgongoni akienda kuchuma. Habari ilikuwa imeshamfikia, soko letu ni soko. Akasimama barabarani, hakukanyaga barazani kwangu.

"Baba Ciku, nasikia ulimwona Madam."

"Nilimwona. Yuko salama."

Uso wake ukafunguka. "Alinikumbuka?"

"Sana."

"Na ile siku ya wageni, aliitaja? Huwa naifikiria nikiwa shambani." Akasogeza mkanda wa kikapu kwenye paji la uso, anaona haya. "Vile tuliwapokea. Alifurahia?"

Vidole vyake vilikuwa vyeusi. Nilifungua mdomo.

"Alifurahi," nikamwambia. "Alisema hajawahi kupokelewa vile."

Akacheka, akanishukuru, akashika njia ya chai.